Macho Yanapotoka Nje: Upasuaji wa Kupanua Tundu la Jicho

Katika kazi za mradi wetu wa huduma ya macho sharikani, maswali mengi tunayoulizwa ni ya mtoto wa jicho, trakoma na miwani ya kusomea. Lipo hata hivyo swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu baada ya mkutano kufungwa: je, macho yaliyotoka nje yanaweza kurudishwa? Jibu ni kwamba kwa wagonjwa wengi yanaweza kurudishwa kwa kiasi kikubwa, na upasuaji wa kazi hiyo upo tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Unafanywa kwenye mfupa unaolizunguka jicho, wala jicho lenyewe halikatwi. Tumeona vema tuueleze hapa kwa kirefu, kwa sababu wapo wanaodhani tatizo hili ni la sura tu, kumbe kwa baadhi ya wagonjwa ni suala la kuona au kupofuka.

Chanzo kiko shingoni

Kwa watu wazima, sababu inayoongoza ya macho kutoka nje, liwe moja au yote mawili, ni ugonjwa unaohusiana na tezi dundumio. Hii ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hukosea adui. Hutengeneza chembe zinazoishambulia tezi kwa namna ya pekee: badala ya kuiua huichochea ifanye kazi kupita kiasi. Mgonjwa hukonda ingawa anakula vizuri, moyo hudunda haraka hata akiwa amekaa, mikono hutetemeka, hutoka jasho na kukosa usingizi, na shingo inaweza kuvimba. Wanawake huugua mara nyingi zaidi kuliko wanaume, lakini wanaume wakiugua macho yao huelekea kuathirika vibaya zaidi.

Daktari Robert Graves wa Dublin, Ireland, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1835. Miaka mitano baadaye Karl von Basedow, aliyekuwa daktari katika mji wa Merseburg huko Ujerumani, akaeleza dalili tatu pamoja: uvimbe wa shingo, moyo kwenda mbio na macho kutoka nje. Ndiyo maana Waingereza huuita ugonjwa wa Graves na Wajerumani huuita wa Basedow. Wazee wetu waliotibiwa na madaktari wa Kijerumani katika hospitali za misioni huenda walisikia jina hilo la pili. Ugonjwa huu hauchagui cheo. Nadezhda Krupskaya, mke wa Lenin, alifanyiwa upasuaji wa tezi hii mjini Bern mwaka 1913 na Theodor Kocher, daktari aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hiyo hiyo. Barbara Bush na mumewe George Bush, aliyekuwa Rais wa Marekani, waliugua wote wawili akiwa bado madarakani. Na Marty Feldman, mchekeshaji Mwingereza aliyefariki mwaka 1982, alipata umaarufu kwa macho yake makubwa, ambayo kumbe yalitokana na ugonjwa huu.

Hapa panahitaji tahadhari, hasa kwa wenzetu wa nyanda za juu ambako rovu limejulikana kwa vizazi vingi. Rovu linaloletwa na upungufu wa madini joto ni jambo jingine. Hilo huzuiwa kwa chumvi yenye madini joto, na kwa kawaida halitoi macho nje. Ugonjwa wa Graves hautibiwi kwa kuongeza chumvi, na madini joto yakizidi yanaweza hata kuichochea tezi. Miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoanza kutumika Zimbabwe na katika Kivu, Kongo, madaktari waliona ongezeko la watu ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi. Hiyo si sababu ya kuiacha chumvi hiyo, kwani faida yake kwa watoto na akina mama wajawazito ni kubwa mno. Ila mtu asijitibu kwa kuimwaga kwenye mboga.

Tena, si kila jicho linalotoka nje lina asili hii. Jicho la mtoto likianza kuchomoza, hasa upande mmoja na kwa haraka, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa usaha nyuma ya jicho, au saratani kama ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wa Uganda wakiwa na uvimbe wa taya na wa kuzunguka macho. Saratani hiyo hutibika vizuri kwa dawa ikiwahiwa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kuna jambo jingine ambalo tusipolisema tutakuwa tumenyamazia mateso ya watu. Jicho lililotoka nje halifumbi vizuri, hukauka na kuwa jekundu, na macho mekundu katika baadhi ya maeneo yetu yamegharimu maisha. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo wengi wao waliyapata kwa moshi wa kuni na samadi jikoni. Mwenye macho mekundu ambayo pia yamechomoza na kuonekana kama yanakodoa anaishi na hatari hiyo maradufu, na hupelekwa kwa mganga kabla ya kufikiriwa hospitali.

Chumba chenye kuta nne na mlango mmoja

Ili kuuelewa upasuaji inabidi kwanza kulielewa tundu ambamo jicho limekaa. Fikiria chumba kidogo chenye dari, sakafu, ukuta wa ndani upande wa pua na ukuta wa nje upande wa panja. Vyote ni mfupa. Mbele ndiko kuna mlango, na mlangoni ndipo jicho lilipo. Chumba kizima kwa mtu mzima kina ujazo wa takriban mililita 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula. Jicho lenyewe huchukua takriban mililita 7. Nafasi iliyobaki imejaa mafuta laini, misuli inayoligeuza jicho, mishipa ya damu, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo.

Zile chembe za kinga zinazoichochea tezi huzichochea pia seli zilizo nyuma ya jicho. Seli hizo hutoa utomvu unaonyonya maji, na mafuta huongezeka. Misuli huvimba, mingine mara mbili au tatu ya unene wake wa kawaida. Sasa, aliyewahi kuloweka maharage mengi kwenye chupa anajua kinachofuata. Mfupa haupanuki, kwa hiyo kinachovimba hutafuta njia pekee iliyo wazi, nayo ni mlangoni. Ongezeko la mililita 4 tu, yaani pungufu ya kijiko cha chai, linatosha kulisukuma jicho mbele takriban milimita 6. Kwenye uso wa mtu milimita 6 ni nyingi sana.

Wapo wanaopata dalili za macho kabla tezi haijaonyesha shida yoyote, na wapo wanaozipata miaka kadhaa baada ya tezi kutibiwa. Kati ya wenye ugonjwa wa Graves, takriban robo au zaidi kidogo huathirika macho, na wengi wao huathirika kidogo tu: machozi, hisia ya mchanga machoni, weupe kuonekana juu ya mboni kwa sababu kope la juu limevutwa. Wachache, kama watano katika kila mia, hufikia hatua ya kutishiwa uoni.

Jambo ambalo huwashangaza hata wahudumu wa afya ni kwamba jicho lililotoka nje zaidi si lazima liwe ndilo lenye hatari zaidi. Chumba chetu kadiri kinavyorudi nyuma huwa chembamba kama faneli, na mshipa wa fahamu wa jicho hupita pale penye wembamba. Misuli ikivimba pale, mshipa unabanwa. Kwa mtu ambaye kope na tishu zake za mbele ni legevu, jicho husukumwa nje na mbano hupungua kidogo. Mwili umejipanulia nafasi wenyewe. Lakini mwingine tishu zake za mbele zimekaza, jicho halisogei, na shinikizo lote linabaki ndani likiukaba mshipa. Huyu watu watamwambia "mbona hujambo, macho yako hayajatoka kama ya fulani", huku uoni wake unazimika. Dalili ya mapema ni rangi kufifia. Mgonjwa afunike jicho moja na kutazama kitu chekundu, kanga kwa mfano, kisha abadilishe jicho. Wekundu ukionekana kupauka kwa jicho moja, au kwa yote mawili tofauti na zamani, aende hospitali mara moja.

Kubomoa ukuta, lakini upi?

Wazo la upasuaji wenyewe ni rahisi. Kama chumba ni kidogo na vilivyomo haviwezi kupungua, bomoa ukuta mmoja ili viingie chumba cha jirani. Ugumu uko katika kuchagua ukuta, na historia yake ni ya madaktari waliojaribu kuta zote nne, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1911 Julius Dollinger wa Budapest, Hungaria, aliondoa ukuta wa nje, upande wa panja. Mwaka 1930 Oskar Hirsch wa Vienna alishughulikia sakafu, ambayo chini yake kuna uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu. Mwaka uliofuata Howard Naffziger wa San Francisco akapitia juu: alifungua fuvu na kuondoa dari. Jirani wa juu ni ubongo, kwa hiyo upasuaji ulikuwa mkubwa, na baadhi ya wagonjwa walibaki na jicho linalodunda kwa kufuata mapigo ya ubongo. Mwaka 1936 E. C. Sewall akatumia ukuta wa ndani, upande wa pua. Huu ndio mwembamba kuliko zote, unene wake ni kama karatasi, na nyuma yake kuna vijumba vidogo vya hewa. Ni kama Mungu aliweka ukuta wa mabanzi pale ambapo ungehitaji kufunguliwa.

Mwaka 1957 Theodore Walsh na Joseph Ogura wa St. Louis, Marekani, walionyesha njia ya kupita ndani ya mdomo, juu ya meno, kuingia katika uwazi wa shavu na kuondoa sakafu pamoja na ukuta wa ndani bila kuacha kovu usoni. Njia hiyo ilitawala kwa miongo kadhaa. Mwaka 1990 David Kennedy na wenzake walieleza njia ya kupitia tundu la pua kwa kutumia bomba jembamba lenye taa na lenzi. Mwaka 1991 Neven Olivari huko Ujerumani akatangaza matokeo ya njia tofauti kabisa: kuacha mfupa kama ulivyo na kutoa mafuta yaliyozidi. Siku hizi madaktari huchanganya. Mgonjwa ambaye mafuta ndiyo yameongezeka hutolewa mafuta. Ambaye mshipa wake umebanwa hufunguliwa ukuta wa ndani hadi nyuma kabisa. Mwenye macho yaliyotoka sana huondolewa kuta mbili au tatu. Dari huachwa. Kwa makadirio, mafuta peke yake au ukuta mmoja hurudisha jicho milimita 2 hadi 3, na kuta mbili milimita 4 hadi 6.

Kusubiri ni sehemu ya tiba

Wengi hupenda kupasuliwa mara tu wanaposikia inawezekana. Daktari mzuri atawaambia wasubiri. Ugonjwa huu huwa na kipindi cha moto, kwa kawaida miezi 6 hadi miaka 2, ambapo macho huuma, huvimba na kubadilika. Kisha hupoa. Ukipasua wakati bado unawaka, uvimbe unaweza kuendelea na kazi ikaharibika. Kwa hiyo husubiriwa hadi macho yametulia kwa angalau miezi 6 na homoni za tezi zimekaa sawa.

Dharura ni mbili. Ya kwanza ni mshipa wa fahamu kubanwa. Hapo mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za steroidi kwa njia ya mshipa wa damu, na uoni usiporudi ndani ya wiki moja au mbili, hupasuliwa bila kusubiri. Ya pili ni kioo cha mbele cha jicho kukauka na kuchubuka kwa sababu kope hazifungi. Hilo linaweza kuleta kidonda na jicho kutoboka, na kwa mazingira yetu ya vumbi hutokea upesi.

Upasuaji wa tundu pia hutangulia upasuaji mwingine wote. Baada yake ndipo hunyooshwa misuli kama mgonjwa anaona vitu viwili viwili, na mwisho kabisa hurekebishwa kope. Mpangilio huu haugeuzwi, kwani kila hatua huvuruga ile inayofuata. Kwa mgonjwa aliyeathirika sana safari nzima inaweza kuchukua zaidi ya mwaka mmoja, na ni vema familia ikajua tangu mwanzo ili ipange nauli na malezi ya watoto.

Chumba cha upasuaji

Mgonjwa hupigwa picha ya CT inayoonyesha mifupa na misuli. Hulazwa kwa nusu kaputi. Daktari hupitia sehemu zisizoonekana: ndani ya kope la chini, kwenye kunyanzi la pembe ya nje ya jicho, au ndani ya pua. Hapana, jicho halitolewi na kurudishwa, ingawa tumesikia hadithi hiyo zaidi ya mara moja. Mfupa huondolewa kidogo kidogo, kisha ngozi nyembamba inayoyafunika mafuta hufunguliwa ili yateremke katika nafasi mpya. Mfupa ulioondolewa kwa kawaida haurudishwi.

Uso huvimba na kuwa na wekundu au weusi wa damu kwa takriban wiki mbili. Katika muda huo mgonjwa hakatazwi kula chochote, ila haruhusiwi hata mara moja kupenga kamasi. Hewa ya puani sasa ina njia ya kuingia hadi kwenye jicho. Pia asiiname na kuinua vitu vizito, ndoo ya maji ikiwemo. Matokeo kamili huonekana baada ya miezi kadhaa.

Hatari zipo na lazima zisemwe. Inayotokea zaidi ni kuona vitu viwili viwili, kwa sababu misuli imehama mahali pake. Wengine hupata ganzi ya shavu na mdomo wa juu, kwa vile mshipa wa fahamu wa sehemu hizo hupita kwenye sakafu ya tundu. Mara nyingi hupungua baada ya miezi. Kuna kutokwa damu, maambukizi ya vijumba vya hewa, na kuvuja kwa maji ya ubongo. Kupofuka ni nadra sana, lakini kumeshatokea. Mgonjwa ambaye anataka tu kurudisha sura yake ana haki ya kuyapima haya na kuamua, na pia ana haki ya kukataa. Mimi binafsi siafiki wale wanaosema kutaka sura yako ya zamani ni majivuno. Mtu anayekwepa kazi, harusi na hata ibada kwa sababu ya kukodolewa macho ana ugonjwa unaomla, hata kama anasoma herufi zote za ubao wa kupimia macho.

Kabla ya kisu

Wengi hawatafika kwenye upasuaji. La kwanza ni kuacha sigara. Moshi wa tumbaku huongeza uwezekano wa macho kuathirika, huyafanya yawe mabaya zaidi na hupunguza nguvu ya dawa. Hakuna tiba nyingine ya ugonjwa huu inayoweza kuanza leo bila gharama. La pili ni kuituliza tezi kwa vidonge na kupima damu kama daktari anavyoagiza. Wanaopewa tiba ya iodini yenye mionzi wamweleze daktari hali ya macho yao mapema, kwani tiba hiyo inaweza kuyazidisha, hasa kwa wavutaji, na kuna dawa ya kuzuia hilo.

Katika kipindi cha moto, steroidi kwa njia ya mshipa wa damu mara moja kwa wiki kwa wiki 12 ndiyo tiba iliyozoeleka. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mpya iitwayo teprotumumabu, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hurudisha macho nyuma bila kisu. Hutolewa mara 8, kila baada ya wiki 3, na inaweza kudhuru usikivu. Bei yake huko ni dola laki kadhaa kwa mgonjwa mmoja. Kwa bei hiyo, kwetu sisi upasuaji utaendelea kuwa tegemeo kwa muda.

Nao si upasuaji wa hospitali ya wilaya. Unahitaji daktari bingwa wa macho na mara nyingi bingwa wa masikio, pua na koo, pamoja na anayeisimamia tezi. Mabingwa hao hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa, kama KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, Bugando au Muhimbili. Njia ni kuanzia kituo cha afya kwa barua ya rufaa, na mwenye bima ya afya aulize mapema ni vipimo gani vinalipiwa. Wakati wa kungoja, matone ya machozi ya bandia yatumike mchana, mafuta ya macho usiku, na kope zisizofunga zibandikwe kwa plasta laini mtu anapolala. Mto wa pili chini ya kichwa hupunguza uvimbe wa asubuhi, na miwani ya jua huzuia upepo na vumbi.

Anayekwenda kumwona bingwa achukue na picha zake za zamani. Kipimo cha jicho kuchomoza hufanywa kwa chombo kilichobuniwa na Mjerumani Hertel mwaka 1905, lakini macho ya Waafrika kwa asili hukaa mbele kidogo kuliko ya Wazungu, kwa hiyo namba za vitabu vya Ulaya hazimtoshi daktari wa hapa kujua jicho limesogea kiasi gani. Picha ya harusi, ya kipaimara au ya kitambulisho cha kazi, ya miaka mitano au kumi iliyopita, itamwonyesha jicho lilikuwa wapi na anapaswa kulirudisha wapi.